Mama alipasuliwa kiuno, sasa anaogopa kukanyaga: atatembea tena?

«Munganga, bonjour. Mama yangu ako na miaka 72, tunaikala Kadutu, huku Bukavu. Alianguka mu parseli asubuhi akienda ku choo, mvua ilikuwa imenyesha, ku hopitali bakasema mfupa ya paja imevunjika kule juu karibu na kiuno, balimupasua bakaweka plaki na vise. Leo ni majuma 6. Ku hopitali alikuwa anasimama kidogo na ile chuma ya miguu 4, lakini tangu tufike ku nyumba hataki tena, anasema inauma na ataharibu chuma. Bajomba banasema tumuache alale mpaka mfupa ishikamane kabisa. Jirani anataka kuleta mzee moja anajua kuunga mifupa aje amukande. Jioni mguu inavimba, na naona sawa vile imekuwa mufupi kuliko ingine. Mu karatasi munganga aliandika "apwi parsieli". Nauliza kweli, atatembea tena? Na tufanye nini, juu toka ku nyumba mpaka ku barabara ni ngazi tupu.»

Dada, asante kwa kuandika kwa urefu, juu hizi vitu kidogo kama ngazi na karatasi njo zinanisaidia kukujibu kitu cha kweli. Naanza na jibu yenyewe usingoje mpaka chini: kwa vile unaeleza, mama ako na nafasi ya kweli ya kusimama na kutembea tena, lakini ile nafasi inapunguka kila juma yenye inapita akiwa amelala. Majuma 6 haijachelewa, lakini musikawie tena.

Naona mu nyumba yenu bote munaogopa kitu moja, mama, bajomba, na wewe pia. Munafikiri mfupa iko inajiunga polepole kule ndani, na siku atakanyaga itaachana, chuma itapinda, atarudishwa mu sale ya operasheni. Hofu ile iko na sababu yake, juu mbele ya hizi chuma kuja njo vile ilikuwaka: mutu akivunjika paja analazwa miezi mizima mguu ikivutwa na uzito, na bazee bengi hawakutoka mu kile kitanda. Bajomba pengine baliona mambo ile kwa macho yao. Lakini mama alipasuliwa, na alipasuliwa juu ya kitu moja, ni kusudi asimame mapema. Uingereza, toka 2011, miongozo ya hopitali zao inasema mgonjwa wa kiuno aamshwe kitandani siku yenye inafuata operasheni, siku moja tu, kama hakuna kitu ingine ya kumuzuia. Batu ya miaka 80, 85. Kwa hiyo mama kusimama ku majuma 6 haiko ujasiri mubaya.

Ngoja nikueleze vile iko ndani. Mfupa ya paja kule juu iko na kichwa ya mviringo yenye inaingia mu kiuno, alafu kuna shingo fupi, alafu chini ya shingo kuna sehemu pana yenye nyama za matako zinashikiliaka. Kuvunjika ku shingo na kuvunjika ku ile sehemu pana ni mambo mbili tofauti, hata kama batu bote banasema "kiuno ilivunjika". Ku shingo, mishipa midogo ya damu yenye inalisha kichwa inapita palepale, mfupa ikiachana inaikata, na kichwa inaweza kukosa damu na kufa polepole, ingine inaonekana mwaka moja ama mbili nyuma ya operasheni, njo maana kwa mzee banganga banapendaka kutoa kichwa na kuweka protezi, ni kusema kichwa ingine ya kutengeneza. Ku ile sehemu pana damu iko mingi, mfupa inashikamana vizuri, na pale njo banawekaka plaki, kipande ya chuma yenye inafungwa ku mfupa, na vise kubwa. Mama pengine ako mu kundi ya pili, lakini ni radio, ile picha ya mfupa, njo itasema kwa uhakika.

Sasa hii njo ya maana kuliko yote. Kama ni ile plaki ya kawaida ya kiuno, vise yake kubwa haikufungwa isisogee. Inaingia mu bomba fupi ya plaki na inaweza kuteleza mule kidogo, balitengeneza vile kwa kusudi: mutu akikanyaga, uzito inasukuma vipande mbili vya mfupa vikaribiane, na mfupa yenye inabanwa inapona vizuri kuliko yenye vipande viko mbalimbali. Kukanyaga iko ndani ya dawa yenyewe. Na hapohapo njo jibu ya mguu mufupi, juu vipande vikikaribiana na vise ikirudi nyuma kidogo, mguu inapoteza urefu, santimetre 1 ama karibu, tunaionaka mara mingi. Hiyo inatengenezwa na kipande ya ngozi ama ya kandambili ya zamani chini ya kisigino, fundi wa viatu anafanya kwa pesa kidogo. Lakini kama imefupika mingi, ama mguu inageukia inje na inauma kuliko juma yenye ilipita, hapo ni kitu ingine, munganga aone mbio, nitarudi kule chini.

Kuhusu "apwi parsieli". Batu bengi banasoma ile neno na banaelewa "usikanyage", kumbe inamaanisha kanyaga lakini si kwa uzito yote, ingine ibaki ku mikono. Sitaki nikuambie upite juu ya neno ya munganga mwenye alimupasua, juu yeye njo aliona mfupa na macho, pengine mfupa ilikuwa laini sana ama ilivunjika vipande vingi, ako na sababu yake. Lakini majuma 6 njo wakati ya kurudi na kupiga radio ya kontrole, na pale mumuulize wazi: mfupa imeanza kushikamana? Vise iko mahali yake? Anaweza sasa kukanyaga vile uchungu inamuruhusu? Mungoje ajibu, muandike. Mara mingi jibu ya pale inakuwa ndiyo, na ile ndiyo ikitoka mu kinywa ya munganga mbele ya mama inafanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Bajomba nao nawaheshimu, lakini muwaambie hii. Marekani mu 2007 balichukua bazee benye afya, haiko bagonjwa, bakawalaza siku 10 tu, na kwa ile siku 10 miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10! Mama ako na majuma 6, na alikuwa mgonjwa, na alitoka damu. Ile udhaifu yenye munaona leo, ingine inatoka ku mfupa, lakini mingi inatoka ku kitanda. Tena kulala kunaleta damu ya kuganda mu mguu, vidonda vya mgongo na visigino, mapafu kujaa, akili kuchanganyika. Na usifikiri mu kitanda kiuno inapumuzika: kila mara anainua matako juu ya poti ya choo ya kitandani, nyama za kiuno zinakaza na kubana mfupa kwa nguvu kweli. Kusimama na kuikala ku kiti yenye tundu inaweza kumuchokesha kidogo kuliko ile poti.

Kitu ingine yenye itakutisha siku atatembea: atayumba. Atainamia upande moja kila akikanyaga mguu ya operasheni, na utasema chuma iliwekwa mubaya. Nyama yenye iko pembeni ya kiuno njo inazuiaka mwili isianguke wakati mguu moja iko juu, na ni ile nyama munganga alipita ndani ama karibu yake, na majuma ya kulala imelegea. Fikiria mutu anabeba bido ya litre 20 na mkono moja, anainama upande ingine ili asianguke, njo vile mwili ya mama inafanya kwa kupunguzia ile nyama kazi. Ku Berlin baliweka protezi zenye vipimo ndani ya viuno vya bagonjwa, bakaona kutembea kwa kawaida tu kunatia ku kiuno nguvu ya karibu mara 2 na nusu ya uzito wa mutu, na kubwa yake inatoka ku ile nyama ikivuta. Kwa hiyo kuyumba kunapunguka nyama ikirudi, na inarudi paka kwa kuitumikisha. Na njo maana fimbo inashikwa ku mkono ya upande mzima, haiko upande ya mgonjwa. Naona kila siku batu banashika ku upande yenye inauma, unaona ni ya akili lakini inasaidia kidogo sana. Kipimo ya fimbo: mama asimame na viatu, mkono ikining'inia, kichwa ya fimbo ifike ku kiungo ya mkono.

Sasa ku kazi yenyewe. Kesho asubuhi usianze na kutembea, anza na kusimama. Mumupe parasetamole nusu saa mbele, comprimé 2 za miligramu 500 kama uzito yake ni ya kawaida, kama ni mukondefu sana ama ini yake ni mgonjwa mumuulize munganga kwanza, na musiongeze dawa ingine ya uchungu ya kununua ku butike, hasa kama ako na tensio ama figo. Muikalishe pembeni ya kitanda dakika chache, kichwa isimuzunguke. Kitanda kama iko chini sana weka godoro ya pili, juu kuinuka kutoka chini njo ngumu kuliko yote, mama pengine anashindwa juu ya kitanda na munafikiri anashindwa juu ya mguu. Miguu yake yote ikanyage chini, ile ya operasheni mbele kidogo. Avae kiatu yenye inashika kisigino, haiko kandambili, na kitenge ifungwe juu ya kifundo isimunase. Ile chuma ya miguu 4 iko mbele yake lakini asiivute, itamuangukia, asukume kitanda na mikono mbili. Umuambie apeleke pua mbele mpaka ipite magoti, njo matako itainuka yenyewe. Wewe simama upande yenye iliumia, mkono moja nyuma ya mgongo yake, mkono ingine huru, usimukamate ku kwapa na kumuvuta, unamuharibia bega na unamufundisha kungoja wewe. Asimame ahesabu mpaka 10, ahamishe uzito kidogo kushoto, kidogo kulia, aikale polepole. Apumuzike, arudilie. Mara 3 kwa siku. Kila juma mutaona ile 10 inakuwa 30, na mikono inasukuma kidogo kuliko mbele.

Ile kuinuka na kuikala, kama ningelazimishwa kuchagua zoezi moja tu, ningechagua hiyo. Zingine atafanya mu kitanda: kupiga miguu juu na chini ku kifundo kila saa, kukandamiza goti ku godoro na kushika, kukaza matako, kuteleza kisigino kuelekea matako, kupeleka mguu pembeni na kurudisha. Akiisha kusimama vizuri bila kutetemeka, hatua: chuma mbele, mguu mgonjwa, alafu mguu mzima. Hatua 4 mpaka ku kiti, kesho 6. Mumuache atembee kwenda mahali yenye iko na maana kwake, ku jiko kuchambua sombe na bengine akiwa ameikala, ku mlango kuona batu banapita, juu mzee hawezi kupenda kutembea mbele nyuma mu chumba bila sababu.

Uchungu yenye haitishi ni ile ya kukaza, ya kuvuta, inaongezeka akifanya kazi na inashuka akipumuzika, kesho yake anaamuka sawa na jana. Kama usiku hakulala kabisa juu ya uchungu, mulizidisha, kesho mupunguze nusu lakini musiache.

Choo. Kama ni ya shimo ya kuchutama, mama asichutame kwa sasa. Fundi wa mbao anaweza kukata kiti ya nguvu, tundu katikati, unaiweka juu ya shimo ama na ndoo chini ndani ya nyumba kwa usiku, na kipande ya mbao ku ukuta ya kushikilia. Na njia ya kwenda choo muitengeneze, mutupe mchanga ama majivu mahali yenye inateleza, juu pale njo alianguka na mvua ya Bukavu haitaisha. Usiku umeme ikikatika awe na tochi chini ya mto.

Ngazi mungoje mpaka atembee ndani ya nyumba bila kushikwa. Ikifika siku ile, kupanda mguu mzima njo inatangulia, kushuka mguu mgonjwa na fimbo njo inatangulia, na wewe ukuwe upande ya chini yake kila mara. Musimubebe ku pikipiki ya motari kwa sasa, kuruka pembeni ya pikipiki na kuteremuka kwa mguu moja ni hatari. Kwa kwenda ku kontrole mutafute gari, na ku zile ngazi bakijana babili bamubebe juu ya kiti ya nguvu.

Mzee wa kuunga mifupa. Najua banasaidiaka batu, najua pia jirani anafanya kwa upendo, na sitaki ugomvi ku parseli. Lakini mfupa ya mama imeisha kuungwa, iko na chuma ndani, hakuna kitu ya kuunganisha tena. Akivuta ule mguu ama akikanda kwa nguvu karibu na kidonda, anaweza kung'oa vise ku mfupa laini, ama kusukuma damu yenye imeganda mpaka ku mapafu, na hiyo inaua kwa dakika. Mumukatalie kwa heshima. Kama anataka kusaidia akuje kuomba Mungu pamoja na mama na amuhimize kusimama.

Kuvimba jioni kwenye inashuka asubuhi ni kawaida miezi mingi, mguu iwekwe juu ya mto akilala, apige vifundo, atembee. Lakini kama nyama ya nyuma chini ya goti imekuwa ngumu, ina moto, inauma ukiigusa, na asubuhi haishuki, hiyo ni hopitali siku ileile. Akianza ghafla kukosa pumzi ama kuumwa kifua, musingoje asubuhi. Homa, kidonda kutoa maji ama usaha, uchungu kali ya ghafla na mguu kufupika ama kugeukia inje, kushindwa kukanyaga wakati juzi aliweza, akili kuchanganyika: kwa hizi pia mwende bila kungoja siku ya kontrole.

Chakula, neno fupi. Nyama ya mguu inajengwa na proteini, bugali na sombe peke yake haitoshi, atie maharagi, mayai, sambaza, zile samaki kidogo, azikule nzima na mifupa yake juu ziko na kalsiamu, mashanza (maziwa ya kuganda) ama fromaji ya Masisi mukipata. Bazee banakula kidogo, kwa hiyo mara mingi kidogo kidogo. Na jua ya asubuhi ku mlango. Mumuulize pia munganga juu ya dawa ya mifupa laini, juu mutu akianguka kutoka urefu wake tu na kiuno inavunjika, mifupa yake imepunguka nguvu, na kiuno ya upande ingine iko na hatari yake.

Sasa ukweli wa ile swali yako. Kwa bazee benye balivunjika kiuno, karibu nusu njo banarudia kutembea vile balikuwa banatembea mbele, bengine banatembea lakini na fimbo ama banahitaji mutu, na bengine hawarudii. Mwenye alikuwa anapanda ngazi za Kadutu mbele ya kuanguka ako na nguvu mingi ya akiba kuliko mwenye alikuwa anaikala tu ku kiti. Maendeleo makubwa inakuja mu miezi 6 ya kwanza, na ingine inaendelea mpaka mwaka. Kama ningekuwa natazamia kitu, ningetazamia mama atembee mu parseli na fimbo, afike ku choo peke yake, na siku ya kanisa apande ngazi polepole na mutu pembeni. Soko ya Kadutu na mzigo ku kichwa, hapana, ile musimuahidi.

Kine, ni kusema mwenye kazi ya kufundisha bagonjwa mazoezi ya mwili, akimuona mama kwa macho anapita maandishi yangu. Huku Bukavu, muulize ku hopitali yenye ilimupasua, ama mwende Heri Kwetu, banafanyaka kazi ya kurudisha batu kutembea toka zamani na bako na magongo. Mwenye anasoma akiwa Goma, Shirika la Umoja njo kazi yao. Hata kama pesa inatosha mara 2 tu kwa mwezi, mwende hizo 2, na umuombe kine akufundishe wewe, juu zile siku zingine zote ni wewe njo utasimama pembeni ya mama. Kama mwenye kusoma mzazi wake aliwekewa protezi, aulize kine yake kwanza, kuna namna za kuikala chini na kukunja miguu zenye ni hatari kwake na kwa mama ya huyu dada haziko sana.

Radio mupige juma hii, na ubebe ile ya kwanza ya operasheni, munganga anahitaji kuzilinganisha.